IMX250MZR ya Sony: chipu inayosoma polaraizesheni, na pale inapodanganya

Kamera nyingi za viwandani zinazouzwa kwa jina la kamera za polaraizesheni, yaani zinazosoma mwelekeo ambao mwanga hutikisika, zina chipu moja ndani. Chukua Phoenix ya Lucid, Blackfly S ya FLIR au Kiralux ya Thorlabs katika matoleo yao ya polaraizesheni: utakuta IMX250MZR ya Sony au ndugu yake wa karibu. Kasha, kebo na programu vinatofautiana, picha inatoka mahali pamoja. Kwa hiyo tathmini hii ni ya chipu yenyewe, ikilinganishwa na njia nyingine ambazo mtu mwenye kazi hiyo hiyo angezifikiria: kichujio cha kuzungusha, lenzi bapa za fuwele za majimaji, na gretingi za metasafesi, yaani nyuso zenye maumbo madogo mno yanayougawa mwanga katika pembe tofauti.

Hukumu kwanza. Kwa polaraizesheni ya mstari, ambapo mwanga hutikisika kwenye mstari mmoja, katika mwanga unaoonekana kwa macho, hakuna kifaa kidogo kinachoizidi kwa wepesi wa kutumia. Unaifunga lenzi ya kawaida, unapiga picha moja, unapata mwelekeo na kiwango cha polaraizesheni katika kila sehemu ya picha. Lakini namba inazotoa kabla ya kalibresheni, yaani kupimwa na kusahihishwa kwa chanzo kinachojulikana, hazifai kuandikwa kwenye ripoti, na karatasi za matangazo hulipita jambo hilo kimyakimya.

Nyaya za alumini juu ya kila pikseli

Uga wa umeme wa mwanga hutikisika kwa mwelekeo fulani. Panga nyaya nyembamba za metali zikiwa sambamba: uga unaotikisika sambamba na nyaya husukuma elektroni zilizomo ndani yake, na mwanga huo hurudishwa ulikotoka. Uga uliosimama pembemraba na nyaya haupati nafasi hiyo, nao hupita. Heinrich Hertz alilionyesha hilo mwaka 1888 kwa mawimbi ya redio na nyaya za kawaida kabisa. Kwa mwanga unaoonekana kanuni haibadiliki, ila nafasi kutoka waya hadi waya lazima iwe ndogo kuliko urefu wa wimbi. Chukua mwanga wa buluu wa nanomita 450 na kioo ambacho fahirisi yake ya kupinda mwanga ni 1.5. Nafasi ikizidi nanomita 300, wavu, yaani safu hiyo ya nyaya, huanza kutawanya mwanga pembeni kama gretingi yoyote nyingine. Ili mwelekeo usiotakiwa uzimwe vizuri, nafasi inapaswa kuwa theluthi ya wimbi au chini ya hapo, yaani kama nanomita 150.

Sony wamejenga nyavu hizo juu ya silikoni yenyewe, chini ya kijilenzi cha kila pikseli. Hili ndilo jambo kubwa la bidhaa hii. Kamera za awali zilikuwa na wavu uliotengenezwa kando kisha ukabandikwa juu ya chipu. Mwanga ulioingia kwa mshazari ulipita kwenye wavu wa pikseli moja ukaangukia pikseli ya jirani, ambayo ilipaswa kusoma mwelekeo mwingine. Wavu ukishushwa hadi karibu na fotodayodi (sehemu ya pikseli inayopokea mwanga), uchafuzi huo hupungua sana. Juu ya nyaya kuna tabaka la kupunguza mwako, kwa sababu wavu wa alumini usio na tabaka hilo ni kioo cha kujitazamia: hurudisha karibu nusu ya mwanga kwenye lenzi, na lenzi huurudisha tena kama mzimu katikati ya picha.

Chipu ina pikseli 2448 kwa 2048, kila moja mikromita 3.45, katika ukubwa wa theluthi mbili za inchi. Pikseli zote hufunguliwa na kufungwa kwa wakati mmoja, hivyo kitu kinachokwenda mbio hakipindi. Kila kundi la pikseli nne lina nyavu nne: juu kushoto digrii 90, juu kulia 45, chini kushoto 135, chini kulia 0. Ukumbuke mpangilio huo, maana makosa mengi yatakayotajwa hapa chini yanatokana na kuuvuruga bila kujua.

Hesabu ni fupi. I0, I45, I90 na I135 ni mwanga uliosomwa chini ya kila wavu; S0, S1 na S2 ni namba tatu zinazoeleza polaraizesheni. S0 ni jumla ya nne zote ukigawa kwa mbili. S1 ni I0 kutoa I90. S2 ni I45 kutoa I135. Kiwango cha polaraizesheni ya mstari ni kipeuo cha pili cha S1² + S2², ukigawa kwa S0. Jibu ni kati ya 0 na 1. Mwelekeo ni nusu ya pembe ambayo tanjenti yake ni S2 ukigawa kwa S1, na utumie atan2 ya programu, si atan ya kawaida, la sivyo nusu ya pembe zako zitaangukia upande usio wao.

Kuna zawadi iliyofichika hapo. Vipimo ni vinne, visivyojulikana ni vitatu. Kwa mwanga wowote ule, I0 + I90 lazima ilingane na I45 + I135. Tengeneza picha ya tofauti ya jumla hizo mbili na uiangalie kila mara unapofunga kifaa upya. Mahali ambapo tofauti ni kubwa, kuna pikseli iliyojaa, au ukingo mkali, au kitu kilichosogea. Ni kipimo cha afya kisichogharimu chochote, na inashangaza kwamba programu nyingi zinazokuja na kamera hizi hazikionyeshi.

Inazima kwa kiasi gani?

Ubora wa kichujio cha polaraizesheni hupimwa kwa uwiano wa uzimaji: mwanga unaopita ukiwa umelingana na mhimili, ukigawa kwa unaopita ukiwa pembemraba nao. Wavu mzuri wa maabara, ulio kwenye bamba lake la kioo, hufikia mamia kadhaa hadi maelfu kwa moja. Kwenye chipu hii, katika kijani, unapata mamia kwa moja. Buluu ni dhaifu zaidi kwa sababu nafasi ya nyaya si ndogo tena sana ikilinganishwa na wimbi.

Kwenye nyekundu na infraredi ndipo watu hushangaa. Kwa nadharia wavu huzidi kuwa bora kadiri wimbi linavyorefuka, lakini namba za chipu zinashuka, na zinashuka vibaya ukipita nanomita 700. Kosa si la wavu. Mwanga wa infraredi huzama ndani zaidi ya silikoni kabla ya kumezwa, na elektroni zake hutangatanga hadi pikseli ya jirani, ambayo ina wavu wa mwelekeo mwingine. Chujio limefanya kazi yake, ila chini yake, ndani ya silikoni, matokeo yamechanganyika. Ukitaka kufanya kazi kwa taa ya nanomita 850, pima uwiano wa kamera yako kwa wimbi hilo hilo kabla ya kuahidi chochote kwa mteja.

Je, uwiano mdogo una madhara gani? Mwanga uliopolarishwa kikamilifu, ukisomwa na kichujio chenye uwiano E, utaonekana kuwa na kiwango cha (E − 1) ukigawa kwa (E + 1). Kwa E ya 300 unapata 0.993. Kwa 100 unapata 0.980. Kwa 30 unapata 0.935. Kosa hili halibadiliki huku na kule, kwa hiyo linasahihishika kwa kalibresheni. Kelele, yaani kuyumbayumba kwa namba bila mpangilio, haisahihishiki hivyo.

Kelele inastahili aya yake. Kiwango cha polaraizesheni hakiwezi kuwa hasi, kwa hiyo kelele haijifuti kwa wastani, inakisukuma juu. Kwa mwanga usio na polaraizesheni hata kidogo, kama kila pikseli imekusanya elektroni N, kamera itaonyesha kiwango cha wastani cha karibu 0.89 ukigawa kwa kipeuo cha pili cha N. Elektroni 10,000, ambazo ni karibu na ujazo wa pikseli hii, hutoa 0.009. Elektroni 400 hutoa 0.044. Elektroni 100 hutoa karibu 0.09, kabla hujahesabu kelele ya kielektroniki. Kwa hiyo zile rangi nzuri za polaraizesheni unazoziona kwenye vivuli vya picha ya giza mara nyingi ni kelele tupu. Dawa ni kuongeza mwanga, au kujumlisha fremu 16 au zaidi za I0, I45, I90 na I135 kwanza, halafu ndipo ukokotoe kiwango. Ukikokotoa kiwango kwa kila fremu kisha ukachukua wastani wa viwango, umeihifadhi kelele milele.

Mipangilio ya kuzima kabla ya fremu ya kwanza

Kamera za viwandani huja zimewekewa mipangilio ya kupendeza macho. Kwa polaraizesheni, karibu yote ni sumu.

Gama, yaani mkunjo unaobadilisha mwangaza wa picha, iwe 1. Muda wa kufungua na ukuzaji wa ishara viwekwe kwa mkono. Kiwango cheusi kipimwe kwa kufunika lenzi, na kitolewe kwenye kila fremu. Kikiachwa, kinaongezwa kwenye S0 peke yake na viwango vyote vinashuka, hasa gizani. Tumia biti 12, si 8. Hapo kuna gharama ya kasi: fremu ya biti 8 ni megabaiti 5, ya biti 12 zilizofungwa pamoja ni 7.5. Kwa USB 3, inayopitisha takriban megabaiti 380 kwa sekunde, ni kutoka fremu 75 hadi kama 50 kwa sekunde. Kwa Ethaneti ya gigabiti moja ni kutoka kama 24 hadi 16. Picha isihifadhiwe kwa JPEG kamwe, kwani ubanaji wake unachanganya pikseli zinazopakana, na hapa pikseli zinazopakana ni vipimo tofauti.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiunganishe pikseli mbili kwa mbili ndani ya kamera. Ukifanya hivyo umejumlisha mielekeo yote minne na kubaki na kamera ya kawaida ya gharama kubwa. Usahihishaji wa pikseli mbovu nao huangaliwa: katika kamera nyingine pikseli mbovu hujazwa kwa wastani wa majirani wa karibu, ambao wote wana nyavu tofauti na yake. Zima, kisha sahihisha mwenyewe kwa kutumia pikseli za mwelekeo ule ule, zilizo hatua mbili mbali.

Ukikata sehemu ya picha ili kuongeza kasi, mwanzo wa sehemu hiyo uwe kwenye namba shufwa kwa mlalo na kwa wima. Ukianza kwenye namba witiri, juu kushoto si 90 tena, na programu yako haitajua. Na ukigeuza picha kama kwenye kioo, 45 na 135 hubadilishana maana: kiwango kinabaki sahihi, mwelekeo unakuwa kinyume. Kosa hilo huishi muda mrefu kwa sababu picha bado inaonekana nzuri.

Lenzi pia ina maoni yake. Nyavu zimebuniwa kwa mwanga unaokuja karibu wima. Kwenye tundu la f/1.4 miale ya pembeni huja kwa karibu digrii 20. F/2 ni 14. F/4 ni 7. Anzia f/4. Ukifunga hadi f/8 unapata faida ya pili: picha inalainika kidogo, na kingo bandia zinapungua. Kingo hizo hutokea kwa sababu pikseli nne za kundi moja hazitazami nukta moja ya kitu. Pale ambapo nyeupe inakutana na nyeusi, moja inaona nyeupe na jirani yake nyeusi, na hesabu inatafsiri tofauti hiyo kama polaraizesheni kali. Mstari mwekundu unaozunguka kila herufi kwenye picha ya ramani ya viwango si mkazo wa plastiki. Ni hesabu imedanganyika. Maktaba ya Python iitwayo polanalyser inajua mpangilio wa nyavu za Sony na inajaza nafasi kati ya pikseli, jambo linalopunguza tatizo bila kulimaliza. Kwa vipimo vya kweli, fanya kazi na makundi 1224 kwa 1024 na uache pembeni makundi yaliyo kwenye kingo.

Mwisho wa orodha hii, usiweke dirisha la plastiki mbele ya lenzi. Polikaboneti na akriliki iliyomiminwa kwenye umbo hubaki na mkazo ndani yake, na mkazo hugeuza polaraizesheni inayopita. Kioo kilichopashwa joto na kupozwa ghafla ili kiwe imara, kama cha dirisha la gari, kina mkazo wa makusudi. Kioo cha kawaida kilichopozwa polepole ndicho kinachofaa.

Kalibresheni ya mchana mmoja

Unahitaji chanzo cha mwanga kilicho sawa uso mzima na kisicho na polaraizesheni, polaraiza (kichujio cha polaraizesheni) moja nzuri kwenye kishikio chenye alama za digrii, na subira. Chanzo bora ni tufe la kuchanganya mwanga. Asiye nalo atumie taa ya LED nyuma ya tabaka mbili za kioo cheupe cha maziwa, na aisogeze kamera karibu hadi uso huo ujae picha. Skrini ya kompyuta haifai, kwa kuwa skrini za LCD hutoa mwanga uliopolarishwa tayari. Inafaa kwa jaribio la haraka tu: iangalie kwa kamera, izungushe kamera, na mwelekeo unaosomwa uzunguke digrii kwa digrii.

Weka polaraiza kati ya chanzo na lenzi. Piga picha kuanzia digrii 0 hadi 170 kwa hatua za 10, yaani nafasi 18, na katika kila nafasi kusanya fremu 50 na uchukue wastani. Mwanga mkali kabisa uwe karibu asilimia 80 ya ujazo wa pikseli, usifike juu. Kwa kila pikseli tafuta A, B na C katika I = A + B·cos2θ + C·sin2θ, ambapo θ ni pembe ya polaraiza, kwa njia ya miraba midogo kabisa, yaani inayofanya jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo iwezekanavyo. A inakwambia unyeti wa pikseli, B na C zinakupa uwiano wa uzimaji na pembe halisi ya wavu. Utakuta pembe zinazotofautiana kidogo na 0, 45, 90 na 135, na unyeti unaopungua kuelekea pembe za picha.

Kisha kila kundi la pikseli nne linapata jedwali lake la safu nne na nguzo tatu, linalogeuza S0, S1 na S2 kuwa vipimo vinne. Kinyume chake cha miraba midogo, jedwali la tatu kwa nne, ndicho unachokitumia kwenye kila fremu. Namba 12 za biti 32 kwa makundi 1,253,376 ni kama megabaiti 60, mzigo mdogo kwa kompyuta yoyote ya leo. Faili hilo ni la kamera ile, lenzi ile, tundu lile na rangi ile ya mwanga. Ukibadilisha kimojawapo, rudia.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata wenye uzoefu. Vichujio vya wapiga picha vyenye maandishi CPL si polaraiza tupu. Ni polaraiza yenye bamba la robo wimbi nyuma yake, linalochelewesha mwelekeo mmoja wa kutikisika kwa robo ya wimbi, ili mwanga unaoingia kwenye kamera uwe wa mzunguko, yaani uga wake uzunguke badala ya kutikisika kwenye mstari mmoja. Ukikiweka mbele ya kamera hii kwa namna ya kawaida, chipu itaona kiwango karibu na sifuri, nawe utadhani kamera imeharibika. Kigeuze: upande wa mbele uangalie lenzi, upande wa skrubu uangalie chanzo.

Ili kuhakikisha kazi yako, tumia kitu ambacho fizikia imekwisha kukipima. Kioo cheusi chenye fahirisi ya 1.5, kikitazamwa kwa digrii 56.3 kutoka kwenye wima wa uso wake, hurudisha mwanga uliopolarishwa karibu kikamilifu. Ukisoma 0.97 au zaidi, uko salama. Ukisoma 0.85, angalia kwanza kiwango cheusi, halafu tundu la lenzi, halafu kama kuna mwanga mwingine chumbani unaopenya.

Washindani

Mshindani wa kwanza ni wa bei ndogo: kamera ya kawaida isiyo na rangi, na kichujio cha filamu unachokizungusha kwenye 0, 45, 90 na 135. Kwa kitu kisichosogea, njia hii bado inaishinda chipu. Pikseli zote 5,000,000 zinatumika kwa kila mwelekeo, hakuna kingo bandia za mosaiki, na filamu nzuri ina uwiano mkubwa kuliko nyavu za chipu. Kasoro ni kwamba kichujio ambacho nyuso zake hazilingani sambamba husogeza picha kidogo kinapozungushwa, hivyo picha nne hulazimika kupangwa juu ya nyingine kwa programu. Filamu za iodini pia hazipendi joto na unyevu. Kwenye maabara ya Mombasa au Dar es Salaam isiyo na kiyoyozi, zihifadhi kwenye kopo lenye silika jeli.

Mshindani wa pili ni lenzi bapa za fuwele za majimaji zilizogandishwa, ambazo Edmund Optics huziuza kama lenzi zinazoongozwa na polaraizesheni. Ni nyembamba kuliko nusu milimita. Molekuli zake zimepangwa kwa pembe inayobadilika kutoka katikati kwenda ukingoni, na mwanga wa mzunguko hupata mabadiliko ya awamu (nafasi ya wimbi katika mtikisiko wake) sawa na mara mbili ya pembe hiyo. Kazi ya kundi la Hasman kule Technion mwaka 2002 ilionyesha wazo hilo kwa gretingi zilizochongwa ndogo kuliko wimbi. Mwanga unaozunguka upande mmoja hukusanywa, unaozunguka upande mwingine hutawanywa; mwanga wa mstari hugawanyika nusu kwa nusu. Kama kitenganishi cha mizunguko miwili ni kitu safi sana. Kama lenzi ya kamera, hapana: urefu wa fokasi unakwenda kinyume na wimbi. Lenzi ya milimita 50 kwenye nanomita 550 inakuwa ya 61 kwenye 450 na ya 42 kwenye 650. Itumie na leza au LED yenye chujio jembamba, na usisahau kwamba mwanga ukitoka umegeuza upande wa kuzunguka. Ukipanga lenzi mbili mfululizo bila kuhesabu hilo, moja inafuta kazi ya nyingine.

Wa tatu ndiye anayezungumzwa zaidi. Metasafesi ni uso uliopandwa nguzo ndogo kuliko wimbi, kwa mfano za titani dioksaidi zenye kimo cha nanomita 600. Nguzo yenye msingi wa mstatili huchelewesha mwanga kwa kiasi tofauti kulingana na mwelekeo wa kutikisika, na kwa kuchagua urefu, upana na pembe ya kila nguzo, mbunifu anadhibiti polaraizesheni nukta kwa nukta. Mwaka 2019 Noah Rubin na wenzake katika kundi la Federico Capasso, Harvard, walionyesha kwenye jarida la Science gretingi moja inayogawa picha katika miale minne, kila mmoja ukiwa umechujwa kwa polaraizesheni yake, ikiwemo ya mzunguko. Hiyo ni kazi ambayo IMX250MZR haiwezi. Kwake mwanga wa mzunguko kamili na mwanga usio na polaraizesheni ni kitu kimoja: kiwango sifuri. Tena gretingi hiyo haitupi nusu ya mwanga kama wavu wa nyaya unavyofanya, inaugawa.

Bei ya uwezo huo ni rangi. Gretingi inapinda kila wimbi kwa pembe yake. Chukua gretingi yenye hatua ya mikromita 5 mbele ya lenzi ya milimita 20: mwanga wenye upana wa nanomita 10 utatandaa kama mikromita 40 kwenye chipu, yaani pikseli 12 za 3.45. Ili ukungu uwe wa pikseli moja unahitaji upana wa nanomita 1 hivi, na kichujio chembamba kiasi hicho kinakula mwanga wako wote isipokuwa unatumia leza. Picha nne zinagawana chipu moja, kwa hiyo kila moja ina robo ya eneo, na lazima uweke fremu inayopunguza eneo linaloonekana ili zisipandiane. Kwa kutambua uso kwa infraredi ya wimbi moja, mpango huo una mantiki, na ndiko Metalenz, kampuni iliyotoka Harvard mwaka 2016, imeelekeza nguvu kwa bidhaa yake ya Polar ID. Lakini kwa mtu mwenye meza, taa nyeupe na sampuli za kukagua, metasafesi ya polaraizesheni bado si kitu cha kuagiza kwa katalogi na kuifunga Jumatatu.

Anayehitaji polaraizesheni ya mzunguko sasa hivi anaweza kuichukua kwa chipu hii hii. Weka bamba la robo wimbi mbele ya lenzi, mhimili wake kwenye digrii 0. S1 inabaki ilivyo, na mahali pa S2 unasoma S3, ambayo ndiyo ya mzunguko. Picha moja bila bamba na moja na bamba zinakupa vyote vinne. Alama ya S3, chanya au hasi, ihakikishe kwa chanzo unachokijua, kwa sababu watengenezaji hawakubaliani kuhusu mhimili upi wauwekee alama.

Ipi ya kununua

Bei ya kamera hizi kwa kawaida inazidi dola elfu moja za Marekani kabla ya lenzi. IMX264MZR ina pikseli zile zile na nyavu zile zile kwa kasi ndogo, na kwa ukaguzi wa sampuli zilizotulia haikupotezei kitu. IMX253MZR ina pikseli 4096 kwa 3000 lakini inadai lenzi ya inchi 1.1, ambayo hupandisha gharama kuliko ulivyopanga. Toleo la rangi, IMX250MYR, ni la kufikiriwa mara mbili: kundi kamili la rangi na mielekeo ni pikseli nne kwa nne, kwa hiyo unabaki na makundi 612 kwa 512, na kingo bandia zinaongezeka. Kama rangi si sehemu ya swali lako, chukua isiyo na rangi na ubadilishe taa.

Wavu wa chipu umefunikwa kwa kioo, unaweza kusafisha kioo hicho kwa kitambaa cha lenzi. Bamba la wavu wa nyaya unalolitumia kwenye kalibresheni ni jambo jingine: nyaya ziko wazi, kidole au kitambaa kinazilaza chini na hakuna kuzinyanyua. Puliza kwa hewa kavu tu, na pwani lifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, maana chumvi na unyevu huila alumini nyembamba namna hiyo.

Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji mambo matatu kwa maandishi: kama kamera inatoa biti 12 ghafi, kama usahihishaji wa pikseli mbovu unaweza kuzimwa, na kama inakuja na faili la kalibresheni la kamera hiyo hiyo kwa namba yake, na lilipimwa kwa wimbi gani na tundu gani la lenzi.